Dhana potofu kuhusu kuunda modeli ya gari la mashindano

Gari la mashindano halikai na sura moja. Bawa la nyuma hubadilishwa kutoka mbio moja hadi nyingine, matundu ya kupooza breki huongezwa au huzibwa, na stika ya mfadhili hubanduliwa katika nchi moja ikarudishwa katika nchi inayofuata. Dhana nyingi potofu kuhusu modeli zake, yaani magari madogo ya plastiki ya kuunganisha, chanzo chake ni hicho: mtu anaunda "Porsche 917", gari la mbio la miaka ya 1970 na 1971, tu, ilhali 917 ya jumla haijawahi kuwepo. Yaliyokuwepo ni magari, kila moja na chesisi yake, namba yake ubavuni na siku yake ya mbio.

"Ukifuata maelekezo ya kwenye boksi, modeli itatoka sahihi"

Maelekezo yanaonyesha jinsi ya kuunganisha vipande vilivyomo, basi. Hayakuhakikishii kwamba vipande hivyo ni vya gari lile lile lililochorwa kwenye stika. Kutengeneza moldi, yaani kalibu ya kumimina plastiki, ni gharama kubwa, kwa hiyo moldi moja hutumika kutolea matoleo kadhaa, na tofauti ndogo za bodi huachwa.

917 yenyewe ni mfano mzuri. Wengi huipaka bluu hafifu na chungwa za Gulf, kampuni ya mafuta iliyofadhili timu, wakidhani hilo ndilo gari lililoshinda Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa. Silo. Mwaka 1970 ilishinda namba 23 ya timu ya Porsche Salzburg, nyekundu na nyeupe, ikiendeshwa na Hans Herrmann na Richard Attwood. Mwaka 1971 ilishinda namba 22 ya timu ya Martini, ya Helmut Marko na Gijs van Lennep, yenye fremu ya magnesi na mkia wenye mapezi mawili ya wima. 917 za Gulf zilishinda mbio za Daytona, Marekani, miaka yote miwili, lakini Le Mans hazikuwahi. Rangi za Gulf zilishinda Le Mans mwaka 1968 na 1969 kwenye Ford GT40, tena chesisi moja, P/1075: mara ya kwanza ikiwa na namba 9, mara ya pili namba 6. Ukibandika stika za 1971 kwenye mkia wa 1970, umeunda gari ambalo halikuwahi kuingia barabarani.

Kwa hiyo kabla ya kukata kipande cha kwanza, chagua mbio moja na ukusanye picha za mbio hiyo: mbele, nyuma, pande zote mbili, chumba cha dereva, na injini kama itaonekana. Picha za makumbusho zitumie kwa tahadhari. Gari lililokarabatiwa mara nyingi huwa limewekewa mikanda mipya, mabomba mapya ya mafuta na tairi za kisasa, na rangi yake inang'aa kuliko ilivyong'aa siku ilipokimbia.

"Skeli ikiwa 1/24, kila kitu kimegawanywa kwa 24"

Skeli 1/24 maana yake modeli ni ndogo mara 24 kuliko gari halisi. Pima mwenyewe. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma wa 917 ni milimita 2300, kwa hiyo kwenye 1/24 utarajie milimita 95.8. McLaren MP4/4, gari la Formula 1 la 1988, ina milimita 2875, ambazo kwenye 1/20 ni karibu 143.8. Modeli nyingi za zamani ziliundwa ziweze kubeba mota na betri, na hapo upana au urefu wa bodi ulinyooshwa kidogo ili vitu viingie.

Hata vipimo vikubwa vikiwa sawa, unene hauwezi kuwa sawa. Plastiki ya milimita 1 kwenye ukingo wa bawa ni sawa na bamba la sentimita 2.4 kwenye gari halisi, na jicho hulitambua kosa hilo hata kama mtazamaji hajui kulitaja. Dawa yake ni kukwangua ukingo kwa upande wa ndani, kwa kisu kisha msasa namba 240 na 400, mpaka ukingo unaoonekana uwe mwembamba. Kipande chenyewe kibaki nene kule kusikoonekana ili kisivunjike.

Mistari ya milango na vifuniko nayo ina mtego wake. Pengo la milimita 4 kwenye gari halisi linakuwa milimita 0.17 kwenye 1/24, na rangi hupenda kulijaza. Ichimbe iwe na kina zaidi kabla ya praima (rangi ya msingi), si baada yake. Kina tu, usiipanue.

"Modeli yenye vipande vingi ndiyo sahihi zaidi"

Idadi ya vipande hukuambia utakaa mezani kwa muda gani. Nyaya za plagi ni mfano unaopendwa: watu hununua waya wa milimita 0.5, ambao kwenye 1/24 ni kama bomba la milimita 12, ilhali waya halisi wa milimita 7 unahitaji 0.3. Kisha wanaweka nyaya 12 kwenye injini ya 917 kwa sababu ina silinda 12. Injini ile ina plagi mbili kwa kila silinda, yaani nyaya 24. Nyaya zenye unene sahihi na idadi sahihi zina thamani kuliko vipande vya chuma mia vilivyobandikwa kwa kubahatisha. Vivyo hivyo mikanda ya dereva: mkanda wa inchi 3 unapaswa kuwa na upana wa milimita 3.2 kwenye 1/24 au 3.8 kwenye 1/20.

"Rangi ya timu inajulikana, nunua chupa yenye jina hilo"

Ferrari ni nyekundu, sivyo? Mbio mbili za mwisho za 1964, Watkins Glen na Mexico, Ferrari zilikimbia zikiwa bluu na nyeupe chini ya jina la NART, timu ya Marekani, na John Surtees akatwaa ubingwa wa dunia akiwa kwenye gari la rangi hizo.

Nyekundu ya McLaren zilizofadhiliwa na Marlboro ni mtihani mwingine. Ilikuwa rangi ya kung'aa inayoelekea chungwa, iliyochaguliwa ili kwenye televisheni ionekane nyekundu. Ukipaka nyekundu uliyoiona kwenye video, utakuwa umeiga kamera. Rangi za aina hiyo hupitisha mwanga, kwa hiyo lazima ziwe juu ya nyeupe safi. Juu ya praima ya kijivu hufifia na kuwa kama tofali. Pia huchuja kwa mwanga wa jua, basi modeli isikae dirishani.

Rangi za metali zina shida ya chembe. Chembe za rangi ya gari la kawaida ni kubwa mno kwa modeli, na bodi hung'aa kama pambo la sherehe. Tumia rangi iliyosagwa kwa ajili ya modeli.

"Koti moja zito hufunika vizuri"

Hapa ndipo modeli nyingi huharibika. Praima, rangi na vanishi vikifika pamoja milimita 0.1, huo ni unene wa kawaida wa rangi kwenye gari halisi, lakini kwenye 1/24 unasomeka kama milimita 2.4. Mistari hujaa, riveti hupotea, kingo huwa za mviringo.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Osha vipande kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo ili kuondoa mafuta ya moldi. Futa mstari wa kiungio cha moldi kwa msasa namba 600 kisha 1000. Pulizia praima makoti mawili mepesi. Kama bodi imetolewa kwa plastiki nyekundu na sehemu yake itakuwa nyeupe, tanguliza koti la rangi ya fedha. La sivyo wekundu wa plastiki hupenya na nyeupe yako inageuka waridi baada ya wiki chache. Kwa bunduki ndogo ya kupulizia yenye pua ya milimita 0.3, changanya rangi sehemu moja na thina sehemu moja hadi moja na nusu, shinikizo la kompresa liwe karibu bar 1 hadi 1.3, na bunduki iwe sentimita 10 hivi kutoka kwenye bodi. Makoti matatu au manne membamba, ukiacha dakika 10 hadi 15 katikati. Rangi hafifu itangulie, iliyokoza ifuate.

Rangi ikitua kama chembe za mchanga, imekauka hewani: sogea karibu au ongeza thina. Ikichuruzika, acha ikauke kabisa siku nzima, kisha usugue kwa msasa wa maji namba 2000. Kuifuta ikiwa mbichi ni kujiongezea kazi.

"Stika zikishakaa, vanishi juu, kazi imekwisha"

Stika za maji, zile zinazoloweshwa kabla ya kubandikwa, zinahitaji uso unaong'aa. Juu ya uso usiong'aa hewa hunasa chini yake na kuacha weupe kama ukungu. Ukitia dawa ya majimaji ya kulainishia stika, stika hujikunja na kutisha. Usiiguse, itajinyoosha yenyewe inapokauka. Kisha subiri saa 24, au 48 kukiwa na unyevu mwingi. Vanishi ya laka ikipulizwa kwa wingi huyeyusha stika, kwa hiyo makoti mawili au matatu ya mwanzo yawe kama vumbi tu, makoti yaliyolowa yaje baadaye.

Vanishi ya sehemu mbili hutoa mng'ao wa ajabu, lakini kigumushi chake kina kemikali iitwayo isosayanati. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote hapo. Panahitajika kinyago chenye vichujio vya mvuke wa kemikali, glavu, miwani na feni inayotoa hewa nje. Mwili ukishajenga mzio wa kemikali hiyo, hata kiasi kidogo huweza kuleta pumu.

"Kaboni faiba huongeza uhalisia"

Inategemea mwaka. Chesisi ya kwanza ya kaboni katika Formula 1 ilikuwa ya McLaren MP4/1, mwaka 1981. Stika ya kaboni kwenye gari la 1975 ni uzushi. Na pale inapostahili, ufumaji wa milimita 2 kwenye 1/20 unakuwa milimita 0.1, karibu hauonekani. Stika zenye miraba mikubwa zinaonekana kama kikapu. Mara nyingi nyeusi iliyopunguzwa mng'ao inatosha.

"Gundi ni gundi"

Gundi ya majimaji ya plastiki huunganisha kwa kuyeyusha polistireni, plastiki ya vipande vya modeli. Kwa rezini na chuma haifai. Huko tumia supagluu au epoksi. Supagluu nayo huacha ukungu mweupe kwenye kioo cha mbele na taa, kwa hiyo vioo vibandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao.

"Tairi ni nyeusi, ziache zilivyo"

Tairi la mbio ni kijivu iliyokoza, na uso unaogusa lami hauna mng'ao. Sugua mstari wa moldi ulio katikati kwa msasa namba 320 hadi upotee. Hiyo tayari inalifanya tairi lionekane limetumika. Angalia pia mwaka: Formula 1 ilitumia tairi zenye mifereo kuanzia 1998 hadi 2008, na tairi zisizo na mifereo zikarudi 2009. Mwisho, usiache mpira laini ugusane moja kwa moja na polistireni kwa miaka. Kilainishi kilichomo kwenye mpira huhama na kuila plastiki, rimu ikabaki imeyeyuka ndani ya tairi. Paka rimu praima na rangi hadi sehemu ya ndani ambayo tairi inakaa.