Je, wajua kwa nini minofu ya sangara haiwalipi wote sawa?

Asubuhi nje ya lango la kiwanda cha samaki jijini Mwanza, vibarua wanasubiri. Mzigo ukiwa mkubwa wanaitwa. Ukiwa mdogo, wengine wanarudi nyumbani mikono mitupu. Ndani yuko mtu wa maabara, yuko na fundi majokofu, na mshahara wao wa mwezi hauulizi leo wameingia sangara wangapi. Minofu ni ile ile, mnunuzi ni yule yule wa Ulaya. Pengo linatoka wapi?

Vitabuni ilitakiwa iwe kinyume. Mwaka 1941 wachumi Wolfgang Stolper na Paul Samuelson walitoa hoja ambayo kwetu ingesomeka hivi: nchi yenye vibarua wengi ikifungua biashara, itauza nje vitu vinavyotaka mikono mingi, mikono hiyo itagombewa, na ujira wake utapanda. Hoja tamu, ila inamchukulia samaki kuwa ni samaki tu, popote auzwapo.

Ulaya inanunua samaki pamoja na uhakika wake, na Mwanza ilijifunza hilo kwa machungu. Mwishoni mwa 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa Afrika Mashariki kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 ukazuia tena wa Ziwa Victoria, safari hii kwa hofu ya sumu ya kuvulia. Viwanda vikalazimika kupima, kuandika kila mzigo ulikotoka, na kulinda ubaridi tangu mwaloni, samaki wanaposhushwa, hadi uwanja wa ndege. Anayeziweza kazi hizo haokotwi langoni, na akiudhika anahamia kiwanda cha jirani. Mkata minofu ana wepesi wa kisu ambao mimi siwezi hata kuuigiza, lakini nyuma yake wamepanga foleni wenzake.

Mexico yalitokea hayo hayo. Peso, sarafu ya huko, ilipoporomoka mwishoni mwa 1994, viwanda bora vikakimbilia soko la nje na kuboresha bidhaa. Mchumi Eric Verhoogen alionyesha mwaka 2008 kwamba ujira humo ulipanda kuliko kwingine, na wa watu wa ofisini ukapanda zaidi ya ule wa vibarua.

Kwa hiyo inategemea pia unauza soko gani. Dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, wanaovuka kwenda Kongo hawadai maabara ya namna ile. Pale anayemzidi mwenzake ni mwenye mtaji wa magunia, awe na cheti au asiwe nacho.