Kiongozi wa maridhiano chuoni si afisa wa makundi maalumu

Katika vyuo vikuu kadhaa vya Kanada yupo kiongozi wa ngazi ya juu, aghalabu mmoja wa manaibu wa mkuu wa chuo, anayesimamia uhusiano wa chuo na watu wa asili wa nchi hiyo, yaani Mataifa ya Kwanza, Wainuiti na Wameti, pamoja na kazi ya maridhiano. Maana ya cheo ni hiyo tu. Kinachokera ni kukiona kikielezwa kwa Kiswahili, mara kwa mara, kuwa ni uafisa wa makundi maalumu, kana kwamba mwenye cheo amewekwa fungu moja na wahudumu wa wanafunzi wa kigeni na wahamiaji.

Mhamiaji anadai kutendewa sawa na wengine, na dai hilo ni la haki. Watu wa asili wanadai hilo na zaidi, kwa kuwa chuo chenyewe kimejengwa kwao. Chuo Kikuu cha Manitoba, mjini Winnipeg, kimo katika eneo la Mkataba wa Kwanza, uliotiwa saini mwaka 1871 baina yao na Taji la Uingereza, na Katiba ya mwaka 1982 inazitambua haki zitokanazo na mikataba ya namna hiyo. Kule Vancouver, Chuo Kikuu cha British Columbia kimekaa juu ya ardhi ya Wamusqueam ambayo haikupata kutolewa kwa mkataba wowote. Mkongomani aliyehamia Winnipeg, hata akibaguliwa darasani, hana mkataba na Taji. Lalamiko lake lina mlango wake.

Maridhiano nayo hapa si kuwasuluhisha majirani waliokoseana. Sheria ya Kanada ya mwaka 1876 ilimvua mtu wa Mataifa ya Kwanza hadhi yake ya kisheria pindi apatapo shahada ya chuo kikuu. Watoto wapatao 150,000 walipitishwa katika shule za bweni zilizokusudiwa kuwasahaulisha lugha na jamaa zao, na wapo wasiorudi: katika viwanja vya chuo cha British Columbia umesimama mwerezi uliochongwa na James Hart, mtu wa asili wa taifa la Wahaida, ukapigiliwa misumari ya shaba kwa ajili ya watoto waliofia katika shule hizo. Vyuo havikuwa watazamaji. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Manitoba kiliomba radhi, kikikiri kwamba kilikuwa kimewasomesha walimu na makasisi walioutumikia mfumo ule.

Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyochunguza shule hizo, ilipotoa miito yake 94 ya kuchukua hatua mwaka 2015, baadhi ilivigusa vyuo moja kwa moja: shahada za lugha za asili, somo la lazima kwa wanafunzi wa udaktari na uuguzi, jingine kwa wa sheria. Mtaala wa udaktari haubadilishwi na afisa wa ustawi wa wanafunzi. Anahitajika mtu anayeketi pamoja na wakuu wa vitivo bajeti na ajira zinapojadiliwa. Asipokuwa na kauli huko, atabaki kusoma tamko la kukiri kwamba chuo kiko juu ya ardhi ya watu wa asili kila mkutano unapofunguliwa (na wamo wenye cheo hicho wanaolalamika kwamba ndicho wanachoitiwa).

Basi mwandishi anayetafuta jina la Kiswahili aandike, kwa mfano, naibu mkuu wa chuo anayeshughulikia watu wa asili na maridhiano. Ni refu kwa kichwa cha habari, lakini halimpunguzii mtu kazi yake.