Si Kugawa kwa 22.5 Tu

Kijana mmoja wa Fuoni anayetaka kuunda modeli ya treni amenitumia jedwali. Kalipanga vizuri, safu mbili: kushoto vipimo vya kichwa cha treni cha dizeli, kulia vipimo hivyohivyo vikiwa vimegawanywa kwa 22.5 mpaka tarakimu ya tatu baada ya nukta. Chini kauliza: "Maalim, nikishakata hivi, si ndiyo nimemaliza kazi ngumu?" Hapana, mwanangu. Hujaianza. Na kwa kuwa neno hili nimelijibu kwa wengi, mmoja mmoja, mpaka nimechoka, leo naliandika lote mahali pamoja.

Imani yenyewe ni hii: modeli ni kitu kikubwa kilichogawanywa kwa namba moja, na mwenye mchoro na simu yenye kikokotoo amebakiwa na kazi ya mikono tu. Imani hii ndiyo inayozaa vichwa vya treni vyenye kipimo sahihi kila pembe ambavyo, ukivitazama, unaona bati na gundi. Huoni tani tisini za chuma.

Geji, yaani upana kati ya reli mbili, niipitie haraka, maana hapo namba inafanya kazi yake. Reli ya kati, ile ya zamani ya Dar kwenda Kigoma na Mwanza, ni ya mita moja. Gawa kwa 22.5 upate milimita 44.4, reli za modeli za milimita 45 zipo tayari, na ndiyo sababu ya kuchagua 22.5. TAZARA, reli ya Dar kwenda Zambia, ni milimita 1067. Kichwa chake kwenye reli hizohizo kinatakiwa kiwe 1:23.7, yaani kigawanywe kwa 23.7; ukikijenga kwa 22.5 magurudumu yatakuwa yamebanana kwa zaidi ya milimita 2, na kwa mbele inaonekana. Anayesema milimita mbili si kitu aende Kidatu akaone mizigo inavyohamishwa kutoka behewa hadi behewa kwa ajili ya tofauti ya milimita 67. Reli yetu wenyewe ya Bububu hapa Unguja, ya mwaka 1905, ilikuwa futi tatu, kwa hiyo ni 1:20.3, lakini ile ni habari ya mvuke na leo tuko kwenye dizeli.

Ninachokijenga mimi ni cha daraja la 88, vile vilivyoundwa Montreal, Kanada, vilivyokuja wakati wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Kichwa cha namna hii ni nyumba ya mashine. Injini ya V yenye silinda 12 inazungusha jenereta, umeme unakwenda kwenye mota zilizofungwa katika bogi, yaani fremu zinazobeba magurudumu, na vyote hivyo vinatoa joto na vinataka kufikiwa na fundi. Kwa hiyo boneti lote ni milango, grili na vipenyo vya hewa. Hakuna ukuta mtupu wa kuficha uzembe, na hapa ndipo unene unapolivunja jedwali.

Mlango wa boneti ni bati la chuma, tuseme la milimita 2 au 3. Ukigawa unapata kati ya 0.09 na 0.13. Bati la shaba ya njano ninalolipata mimi ni la 0.3 au 0.5. Hiyo 0.3 kwa kipimo halisi ni karibu milimita 7, na 0.5 ni zaidi ya 11. Hilo si bati la mlango wa boneti, hilo ni bati la meli. Mtu anakata mlango wake urefu sahihi, upana sahihi, halafu ananiuliza kwa nini unaonekana mzito. Unaonekana mzito kwa sababu ni mzito.

Njia yangu ni ngozi mbili. Kiunzi cha boneti nakilehemu kwa shaba ya 0.5, kwa kuwa kinabeba na hakionekani. Juu yake nabandika milango iliyokatwa kwenye makopo ya soda. Ukuta wa kopo la soda una unene wa takriban milimita 0.1, yaani 2.25 kwa kipimo halisi, na unakatika kwa kisu kikali na rula ya chuma. Alumini haishiki risasi ya kawaida ya kulehemu, kwa hiyo ni gundi ya epoksi. Ndani ya kopo kuna utando usioonekana vizuri. Usugue kwa msasa mpaka utoke wote, la sivyo gundi itaushika utando na utando utaliachia kopo, na masika ya kwanza yatakuonesha milango yako ikijikunja mmoja mmoja.

Pale bati nene lisipoepukika, kama ukingo wa dirisha la kebini, kinga ya jua iliyo juu yake, au ngazi, lichonge ukingo kwa upande wa nyuma kwa tupa laini mpaka ubaki wembe. Jicho haliwezi kupima unene isipokuwa kwenye ukingo. Likikuta ukingo mwembamba, linaamini bati zima ni jembamba.

Halafu inakuja rangi, ambayo hakuna jedwali nililoletewa lililoihesabu. Praima, rangi na vanishi, hata ukipuliza kwa utulivu, vinafika 0.1 kwa jumla. Hiyo ni zaidi ya milimita 2 za rangi kwenye kichwa halisi. Nafasi kati ya mlango na mlango ni milimita 4 au 5. Ukigawa ni 0.2, rangi inaingia kutoka pande zote mbili, na nafasi imekwisha. Ndiyo maana wanaokata kwa jedwali hulalamika kwamba milango yao imepotea baada ya kupaka rangi. Mimi naiacha nafasi ya 0.4. Kwa hesabu hilo ni kosa la maradufu. Lakini kinachoonekana pale, hata kwenye kichwa halisi, ni kivuli kilicho ndani ya nafasi, na kivuli hakiingii mahali palipozibwa.

Hapa kuna jambo ambalo bado halinipi raha. Kivuli cha mwanga upi? Mchana wetu jua linasimama utosini, vivuli ni vifupi na vyeusi kabisa, na 0.4 inakaa sawasawa. Ukiingiza kichwa hichohicho sebuleni chini ya taa, nafasi zileile zinaonekana pana mno. Nimechagua uani, kwa kuwa changu kinatembea uani. Mwenye kuweka chake kabatini pengine 0.3 ingemtosha. Kanuni ya kukupa sina. Ninachofanya ni kutengeneza kipande chenye milango miwili, nakipaka rangi kamili, nakiweka mahali kichwa kitakapokuwa, natazama nikiwa nimesimama kwa umbali wa hatua mbili, kisha ndiyo naamua kwa milango yote.

Vishikio vya pembeni: bomba la milimita 30 linatoa 1.33. Watu huchukua fimbo ya shaba ya kuchomelea ya 1.6 kwa kuwa ipo madukani, wakaipaka rangi ikafika 1.8, yaani milimita 40 kwa kipimo halisi. Kishikio kinapita mbele ya boneti lote, hakuna pa kukificha. Tumia waya wa 1.2, rangi itamalizia iliyobaki.

Sasa springi. Katika jedwali la kijana wangu springi za bogi zimegawanywa kwa uaminifu mkubwa: waya, kipenyo, urefu. Nisikilize vizuri. Urefu unagawanywa kwa 22.5, lakini uzito unakwenda na ujazo, kwa hiyo unagawanywa kwa 22.5 × 22.5 × 22.5, ambayo ni karibu 11,390. Kichwa cha tani 90 kinatoka karibu kilo 8. Springi ya koili ukiipunguza kila kitu kwa 22.5 na kuacha mizunguko ileile, ugumu wake unapungua mara 22.5 tu. Mzigo umepungua mara elfu kumi na moja, ugumu mara ishirini na mbili na nusu! Springi inayobonyea milimita 45 chini ya kichwa halisi ilitakiwa ibonyee milimita 2 kwenye modeli. Hiyo ya jedwali itabonyea chini ya 0.1. Umeweka nguzo. Kwenye njia ya uani, yenye mchanga na mizizi ya mwembe, gurudumu moja litaning'inia hewani na kichwa kitaacha reli. Kwa hiyo springi zinazoonekana nje ziwe za sura tu, na mzigo ubebwe kwa ndani na waya mwembamba wa chuma, ule wa nyuzi za gitaa.

Hata hapo sijaridhika. Mvuto wa ardhi haugawanywi. Modeli yenye springi sahihi inayumba karibu mara tano haraka kuliko kichwa halisi, na jicho lililowahi kuona treni ikiingia stesheni ya Dar linaligundua hilo papo hapo. Ili iyumbe polepole kama halisi ingebidi springi zibonyee milimita 45 zilezile, na nafasi hiyo haipo. Mimi naweka vipande vya sponji kupunguza myumbo. Unapungua, hautoki.

Ukingo wa gurudumu, ule unaolizuia lisitoke relini, ukigawa unapata kama 1.25. Kwenye njia ya uani weka 2 au zaidi, na asikulaumu mtu. Kona nazo: kona yenye nusu kipenyo cha mita 200 inatoka karibu mita 9, na mwenye ua wa namna hiyo Ng'ambo simjui. Bogi lazima igeuke zaidi ya ile halisi, kwa hiyo acha nafasi nyuma ya ngazi tangu kwenye mchoro.

Nikisema haya naambiwa siku hizi kuna printa za 3D, zitagawanya zenyewe. Zinagawanya, ndiyo, kwa upofu uleule wa jedwali, na ukuta wa milimita 1 unaotoka kwenye printa ni bati la milimita 22.5. Printa itumie kwa vitu vyenye kiwiliwili: fremu za pembeni za bogi, nyumba ya feni, taa za mbele, matangi ya hewa. Milango, vipenyo vya hewa na vishikio vibaki kwa kopo, waya na tupa.