Maana ya ukaliaji wa kijeshi: kutoka Kigoma ya 1916 hadi Ituri

Ukaliaji wa kijeshi ni hali ya jeshi la nchi moja kuishika nchi nyingine, au sehemu yake, na kuitawala bila ridhaa ya mwenye mamlaka halali na bila ardhi hiyo kuwa mali yake kisheria. Watu wengi huuchanganya na uvamizi, lakini uvamizi ni tendo la kuingia kwa silaha, na ukaliaji ni utawala unaofuata pale aliyeingia anapobaki. Jeshi likivuka mpaka usiku, likachoma kambi na kurudi kwao alfajiri, limevamia ila halijakalia. Kanuni za The Hague za mwaka 1907, katika ibara ya 42, zinasema eneo huhesabiwa kuwa limekaliwa pale linapokuwa kwa kweli chini ya mamlaka ya jeshi la adui, na kwamba ukaliaji unaishia pale mamlaka hayo yanapoishia. Kinachopimwa, basi, ni uwezo halisi wa kutoa amri na amri hiyo ikatiiwa. Tangazo la mshindi halitoshi.

Kwa wakazi wa Kigoma na Tabora jambo hili liko karibu, kwa sababu miji hii miwili ilipata kukaliwa kijeshi. Kigoma ilikuwa chini ya jeshi na maofisa wa Ubelgiji kuanzia mwishoni mwa Julai 1916 hadi Machi 1921. Tabora iliingia mikononi mwao tarehe 19 Septemba 1916, ikakabidhiwa kwa Waingereza miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1917. Shuleni kipindi hiki hupitwa kwa sentensi moja, kana kwamba Mjerumani aliondoka asubuhi na Mwingereza akafika jioni.

Tuanze na sababu. Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914, na miezi sita baadaye vita vya kwanza vya dunia vikaanza Ulaya. Ujerumani ilivamia Ubelgiji tarehe 4 Agosti 1914 na kuikalia karibu yote, serikali yake ikakimbilia Ufaransa. Kwa upande wa Congo, Wabelgiji walitaka kwanza kubaki nje ya vita kwa kutegemea Mkataba wa Berlin wa 1885, uliotoa nafasi kwa makoloni ya bonde la Congo kutoegemea upande wowote. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Wajerumani ikaishambulia bandari ya Lukuga, ambayo leo ni Kalemie, na kuiharibu meli ya Kibelgiji Alexandre Delcommune. Tangu hapo ziwa lote lilikuwa la Mjerumani. Meli ya Graf von Götzen, iliyoletwa kutoka Ujerumani kwa vipande ndani ya makasha na kuunganishwa hapa Kigoma, iliingizwa majini Februari 1915 na kuanza kubeba askari.

Sababu ya kwanza ya Wabelgiji kuvamia ilikuwa hiyo: aliyeshika ziwa na reli alikuwa na kisu shingoni mwa mashariki ya Congo. Sababu ya pili ilikuwa heshima ya dola lililovunjwa nyumbani. Ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ilikuwa nzito kuliko zote, ni kwamba serikali isiyo na nchi ilihitaji kitu cha kuweka mezani siku ya kugawana amani. Watawala wa Ubelgiji hawakuwa na mpango mkubwa na Rwanda, Urundi wala Buha, nchi ya Waha, kwa ajili ya nchi hizo zenyewe. Walitumaini kuzibadilisha: Waingereza wazichukue, nao Wareno walipwe ardhi kwingine, ili Ubelgiji ipate ukingo wa kusini wa mdomo wa Mto Congo, karibu na Bahari ya Atlantiki. Ardhi ya wakulima wa Heru na wavuvi wa Ujiji ilichukuliwa ili iwe thamani ya kubadilishana kwa ardhi nyingine iliyo upande wa pili wa bara.

Majeshi ya Jenerali Charles Tombeur yalivuka kutoka Congo mwaka 1916, mkono mmoja ukipita Rwanda na mwingine Urundi. Kikosi cha kusini kiliongozwa na Olsen, ofisa mzaliwa wa Denmark aliyekuwa akiitumikia Congo ya Kibelgiji, na ndicho kilichoshuka hadi Kigoma. Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe Julai 1916 ili isitekwe. Baadaye Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 wakaipa jina la Liemba, hiyo hiyo iliyowabeba babu na bibi zetu kwenda Kasanga na Mpulungu. Kutoka ziwani Wabelgiji walifuata reli hadi Tabora. Wenyeji wa huko walikuwa wameonja uvamizi miaka 23 kabla, pale Mtemi Isike wa Unyanyembe aliposhindwa na Wajerumani Januari 1893 na kuilipua ghala yake ya baruti akiwa humo humo badala ya kukamatwa.

Ushahidi ulio wazi zaidi kwamba Wabelgiji wenyewe walijua wako katika ukaliaji ni stempu za posta. Barua iliyotumwa kutoka Kigoma katika miaka hiyo ilibandikwa stempu ya Congo, kwa mfano yenye picha ya bandari ya Matadi, na juu ya picha hiyo yamepigwa chapa maneno ya Kifaransa na Kiholanzi yenye maana ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ukaliaji wa Kibelgiji. Waingereza nao, katika maeneo waliyoyashika, walipiga kwenye stempu zao herufi G.E.A., kifupi cha jina la Kiingereza la koloni hilo la Mjerumani. Hakuna aliyethubutu kuandika kwamba ardhi ni yake. Hiki ndicho kiini cha dhana yenyewe: aliyekalia ana mamlaka ya kuendesha mambo, lakini umiliki wa nchi haujahamia kwake, na hauwezi kuhamia kwa nguvu ya bunduki peke yake.

Kutokana na kiini hicho sheria inampa mkaliaji mzigo wa majukumu. Ibara ya 43 ya kanuni hizo za 1907 inamtaka arejeshe utulivu na usalama wa umma na kuziheshimu sheria zilizokuwepo, isipokuwa pale asipoweza kabisa. Mali ya mtu binafsi haitaifishwi. Uporaji umekatazwa, na kijiji kizima hakiadhibiwi kwa kosa la mtu mmoja. Chakula na huduma vinaweza kudaiwa kutoka kwa wakazi kwa mahitaji ya jeshi tu, tena kwa kadiri ya uwezo wa nchi. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 uliongeza kinga ya raia: wasihamishwe kwa nguvu nje ya eneo lao, na mkaliaji asiwahamishie raia wake humo. Majukumu haya yanamhusu kila mkaliaji, awe aliingia kwa haki au kwa dhuluma. Uhalali wa kuingia unapimwa kwa sheria nyingine, ambayo leo ni Hati ya Umoja wa Mataifa, inayokataza matumizi ya nguvu isipokuwa kwa kujilinda au kwa idhini ya Baraza la Usalama.

Sasa tuangalie jambo ambalo maelezo mengi ya dhana hii huliruka. Sheria ya 1907 ilikuwa inalinda haki ya nani? Hapa Kigoma, mwenye mamlaka halali machoni mwa sheria hiyo alikuwa Kaizari wa Ujerumani. Waha, Wanyamwezi na Wamanyema wa Ujiji hawakuhesabiwa kuwa na nchi, hivyo hawakuwa na kitu cha kutunziwa hadi amani irudi. Majukumu kuhusu chakula na kazi yalikuwepo kwenye karatasi, huku vijijini majeshi ya pande zote yakiishi kwa kula cha wenyeji. Bila barabara na bila magari, kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilikwenda kwa kichwa cha mtu. Wapagazi walikamatwa kwa makumi ya maelfu, na wengi walikufa kwa kuhara, njaa na baridi ya nyanda wasizozizoea. Kila mwanaume aliyechukuliwa aliacha shamba bila jembe katika msimu wa kulima. Mashariki mwa Tabora, kwa jirani zetu Wagogo, ng'ombe na nafaka zilizochukuliwa na majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza zilikutana na ukame, ikazaliwa njaa waliyoiita Mtunya, ambayo wazee wa huko wameisimulia kizazi hadi kizazi.

Mwisho wa ukaliaji nao ulipangwa bila wenyeji. Kamishna wa Kifalme Justin Malfeyt aliyatawala maeneo yaliyokaliwa akiwa na makao yake Kigoma. Tarehe 30 Mei 1919 Pierre Orts wa Ubelgiji na Lord Milner wa Uingereza walikubaliana kwamba Ubelgiji ibaki na Ruanda-Urundi, na maeneo mengine, Kigoma ikiwemo, yaende kwa Mwingereza. Mpango wa kubadilishana na Wareno ulikuwa umeshindikana. Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa kwamba mtu wa Kasulu na Kibondo atakuwa Mtanganyika na jirani yake wa ng'ambo ya Malagarasi atakuwa Mrundi, ingawa wakisalimiana kila mmoja anamwelewa mwenzake bila mkalimani.

Kwa mkataba wa Machi 1921 Uingereza iliipangisha Ubelgiji maeneo ya bandari hapa Kigoma na Dar es Salaam, yaliyojulikana kama Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka na bila ukomo wa muda. Mwishoni mwa 1961, nchi ikikaribia uhuru, Mwalimu Nyerere aliukataa mkataba huo kwa hoja inayostahili kukumbukwa kila ukaliaji unapozungumzwa: Uingereza ilikuwa mtawala wa muda, na mtawala wa muda hawezi kutoa haki ya milele juu ya ardhi ya watu wengine. Ni kanuni ile ile iliyofichwa kwenye chapa ya stempu, safari hii ikitamkwa na wenye nchi.

Ridhaa ndiyo sehemu ya dhana inayozua mabishano mengi, na Tanzania yenyewe imepitia hapo. Jeshi la Idi Amin lilipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na Amin akatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda, ule ulikuwa uvamizi na jaribio la kutwaa ardhi, bila utata wowote. Jeshi letu lilipoingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, baadhi ya viongozi wa Afrika walilalamika kwamba nchi moja imeipindua serikali ya nyingine. Vikosi vyetu vilibaki Uganda hadi 1981 kwa makubaliano na serikali mpya ya huko, na kwa kawaida jeshi lililoalikwa haliitwi mkaliaji. Hata hivyo mtu makini lazima aulize serikali inayotoa mwaliko imewekwa na nani, kwa sababu wavamizi wengi duniani wameunda kwanza serikali na kisha kuiomba iwaalike. Naamini hoja ya Tanzania ilikuwa na nguvu, kwa kuwa ilishambuliwa kwanza na haikudai hata shubiri moja ya ardhi ya Uganda, lakini swali lenyewe ni halali.

Iraki iliyovamiwa Machi 2003 inaonyesha madhara ya mkaliaji kujiona mwenye nyumba. Marekani na Uingereza zilidai kuna silaha za maangamizi, na silaha hizo hazikupatikana. Azimio 1483 la Baraza la Usalama, la Mei 2003, liliyatambua mataifa hayo mawili kuwa wakaliaji wenye majukumu ya wakaliaji. Siku moja baada ya azimio hilo, mtawala wa Kimarekani Paul Bremer alilivunja jeshi la Iraki, na maelfu kwa maelfu ya wanaume wenye mafunzo ya silaha wakabaki mitaani bila mshahara. Amri nyingine ya mwaka huo ilifungua sehemu kubwa ya uchumi kwa umiliki wa wageni kwa asilimia 100. Ni vigumu kuona jinsi hatua kama hizo zinavyolingana na wajibu wa kuheshimu sheria zilizokuwepo, na vurugu zilizofuata ziliua Wairaki wengi mno kuliko zile siku za uvamizi wenyewe.

Karibu zaidi nasi ni Congo. Vita vilivyoanza Agosti 1998 vilileta majeshi ya Uganda na Rwanda mashariki ya nchi hiyo, na watu wakavuka ziwa kwa boti kuja Kigoma, wengi wakifikia kambi ya Nyarugusu iliyokuwa imefunguliwa 1996. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu tarehe 19 Desemba 2005 kwamba Uganda ilikuwa mkaliaji katika Ituri, kaskazini-mashariki ya Congo. Kati ya ushahidi uliotumika ni kwamba kamanda wa Uganda aliunda mkoa mpya wa Kibali-Ituri mwaka 1999 na kuuteulia gavana, jambo ambalo haliwezi kufanywa na jeshi linalopita tu. Kwa kuwa ilikuwa mkaliaji, Uganda iliwajibika kwa matendo ya askari wake na pia kwa kushindwa kuzuia mauaji na uporaji wa makundi mengine katika eneo hilo. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama iliiamuru ilipe dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara waliyopata watu, milioni 40 kwa mali na milioni 60 kwa maliasili, zikilipwa kwa awamu tano za kila mwaka. Tofauti na 1919, hesabu hii ilianza na raia.

Hukumu hiyo haiwagusi walio wengi wa Nyarugusu, kwa kuwa walitoka Uvira, Fizi na Baraka katika Kivu Kusini. Kesi ya Congo dhidi ya Rwanda ilikwama Februari 2006, mahakama iliposema haina mamlaka ya kuisikiliza kwa sababu Rwanda haikuwa imeridhia kushtakiwa mbele yake.