Bahari haijakauka: ninayoyasikia kila wikendi Dar es Salaam

Jumamosi iliyopita, saa nne na nusu asubuhi, dada mmoja alisimama ufukweni Kunduchi na watoto wake watatu, kila mmoja na boya lake kiunoni, akaniuliza: "Kaka, bahari imekwenda wapi?" Mbele yetu kulikuwa na mchanga wenye majimaji, nyasi za bahari zimelala chini, na mashua yetu inaelea kule mbali ambako hata ukipiga kelele nahodha hasikii. Mwezi mpevu ulikuwa juzi yake. Alikuwa ameahidi watoto kisiwa cha Mbudya tangu Jumatatu, na uso wake ulionyesha kwamba anadhani nimemdanganya.

Natembeza wageni jijini humu, wa nje na wa ndani, na swali hilo limenichosha. Nitalijibu hapa kwa urefu, halafu nigusie mengine.

Dhana: Maji yapo siku zote, nitakwenda nikipata nafasi.

Kupwa na kujaa sote tulifundishwa shuleni: maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kati ya kimoja na kingine ni saa sita na dakika chache. Kinachosahaulika ni kwamba saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Kwa hiyo mtu akiniambia "mbona wiki iliyopita tulikuja saa hii hii tukaogelea vizuri", ananipa sababu ya kutokuja leo. Ndani ya wiki moja mambo hugeuka: saa iliyokuwa ya maji kujaa huwa ya maji kupwa.

Wavuvi wa Kunduchi na Msasani hawahitaji programu ya simu kulijua hili, wanatazama mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: tofauti ni kama mita 1, bahari haiendi mbali wala haiji karibu. Hapa Dar es Salaam kuna jambo ambalo ningependa kila mzazi alishike. Siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Saa nne asubuhi ndiyo saa ambayo familia za mjini hushuka kwenye magari na vyombo vya pilau. Wanakuta mchanga.

Sasa fikiria Idd. Idd el-Fitri huja mwezi ukiandama, maana yake huja na bamvua, kila mwaka, bila kukosa. Asubuhi ya Idd Mosi Coco Beach maji yako mbali, watoto wanacheza juu ya mawe na mchanga uliobaki wazi, kila mtu anaona bahari ni tambarare. Alasiri, watu wakiwa wamejaa zaidi kuliko siku yoyote ya mwaka, ndipo maji yanarudi kwa nguvu, na yanarudi kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma ya mawe. Nimemshika mkono kijana wa miaka kama kumi na tano aliyekuwa anapigwa picha juu ya jiwe. Alipogeuka, njia aliyojia ilikuwa na maji ya kifuani yanayovuta, na hakujua kuogelea. Mama yake alikuwa hatua hamsini tu kutoka pale, ameketi kwenye mkeka, anamwona kabisa, hana habari. Idd el-Hajj ni tofauti, kwa kuwa huangukia siku ya kumi ya mwezi, karibu na maji mafu, na maji hujaa karibu na mchana. Sikukuu zote mbili ni Idd, ila bahari zake si moja. Naomba sana jambo hili lisemwe nyumbani kabla ya watu kutoka.

Jambo jingine: maji kupwa si hasara. Mimi binafsi nikiachiwa nichague, nakwenda yakiwa yamepwa. Vaa viatu vya kufunga, kwa sababu kuna miiba mirefu myeusi inayoingia mguuni na kuvunjikia humo. Tembea polepole kwenye madimbwi ya mwambani: kaa wadogo, konokono, samaki wa rangi waliobanwa wakingoja maji yarudi, na viti vya pweza vyekundu. Tafadhali usivitoe kwenye maji ili upigwe navyo picha. Kiti cha pweza hupumua kwa maji, na dakika unazotafuta pembe nzuri ya simu ni dakika kiumbe huyo amezibwa pumzi. Piga picha akiwa ndani ya dimbwi, inapendeza zaidi.

Yule dada tulimngoja. Watoto waliweka maboya chini wakamfuata mzee mmoja aliyekuwa anachokoa pweza kwa chuma, naye akawaonyesha shimo: vijiwe na magamba yamepangwa mlangoni, ndivyo pweza anavyofunga nyumba yake. Saa saba na nusu mashua ikasogea, maji ya magotini, tukapanda.

Dhana: Mbudya tunatozwa mara mbili.

Nauli ya mashua ni ya mwenye mashua. Kiingilio ni cha hifadhi. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, na viwango vya raia na vya wageni wa nje havifanani, kwa hiyo beba kitambulisho. Dai risiti. Ukikataa kulipa kiingilio hujamkomoa mwenye mashua.

Dhana: Watoto wa kasa wanahitaji kusaidiwa kufika majini.

Hili nalo linaniuma. Fukwe za kusini mwa Kigamboni bado kasa hupanda kutaga, na kuna wanakijiji wanaolinda viota usiku na mchana. Jike huzika mayai, mara nyingi zaidi ya mia, na baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka, kwa kawaida usiku. Wageni wakifika wanataka wawabebe wawatie majini, kwa huruma kabisa. Acha watambae. Kutambaa huko kunawaandaa kuogelea, na wataalamu wanaamini kwamba ndipo wanapoichukua alama ya ufuo waliozaliwa, maana jike hurudi kutaga pande hizo hizo akishakuwa mkubwa, miongo kadhaa baadaye. Wewe simama nyuma ya kiota, si mbele, wala usiwashe tochi. Mtoto wa kasa hufuata upande wenye mwanga, na kwa asili upande huo ni bahari. Ukiwasha simu, bahari yake inakuwa wewe. Taa za nyumba na hoteli zilizoelekezwa ufukweni zina kosa hilo hilo, na zinawaka usiku kucha.

Usinitake nikuahidi tarehe pia. Joto la mchanga ndilo linaloamua siku ya kutoka (na linaamua hata jinsia, mchanga wa joto huzaa majike wengi). Kiota hutazamiwa ndani ya siku kadhaa, hakiwekewi miadi.

Na wale wanaoninong'oneza kwamba nyama yake ni dawa: Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walikufa kwa kula nyama ya kasa. Sumu yake huwezi kuiona wala kuionja, na kupika hakuiondoi. Kasa pia analindwa na sheria.

Dhana: Uwanja wa Taifa na Uwanja wa Uhuru ni kitu kimoja.

Viko jirani pale Temeke, ndiyo maana watu hupotezana. Ule mkubwa, wa watu 60,000, ulifunguliwa 2007, na tangu 2020 unaitwa Benjamin Mkapa. Mdogo ni Uhuru, Shamba la Bibi, na mimi huwapeleka wageni hapo kwanza, kwa sababu hapo ndipo bendera ya Tanganyika ilipopandishwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Kama mnakutana siku ya Simba na Yanga, taja jina kamili la uwanja na mlango. Nunua tiketi mapema, ufike mapema. Wanaosema watanunua getini ndio ninaowakuta nje wakisikiliza kelele za goli.

Dhana: Kigamboni ni mbali, foleni ya kivuko itatumaliza.

Daraja la Nyerere lipo tangu 2016. Kivuko nacho kipande angalau mara moja, kwa mguu, uitazame bandari.

Dhana: Makumbusho ni ya wanafunzi.

Fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai 1959, linahifadhiwa Makumbusho ya Taifa, katikati ya mji. Watu huvuka bahari kuliona. Wewe unapita nje yake ukienda kazini.

Dhana: Mwezi wa saba hakuna mvua, kwa hiyo bahari imetulia.

Mwezi wa saba ni msimu wa upepo wa kusi. Anga ni safi, upepo ni mkali, na mchana unapoendelea mawimbi kati ya Kunduchi na Mbudya hupanda. Nenda asubuhi, rudi kabla ya saa nane, ukishaangalia maji. Wazee na watoto wachanga waketi nyuma karibu na nahodha, kila mtu na jaketi lake la kuokolea, limefungwa. Na ukinipigia Julai ukitaka tuvuke saa tisa alasiri, nitakukatalia hata ukiongeza nauli.