Sumaku haipimi ubora wa kijiko

"Kijiko kikinasa sumaku ni feki." Wanunuzi wa Kampala wameishika kauli hii, na wengine huingia soko la Kikuubo na sumaku ya spika ya redio mfukoni. Si kweli, na inawatia hasara.

Stenlesi, yaani chuma cha pua, ya 18/10 ina metali ya kromiamu asilimia 18 na ya nikeli asilimia 10. Nikeli ndiyo inayoifanya isinase sumaku. Ya 18/0 haina nikeli, kwa hiyo inanasa, lakini nayo ni stenlesi halali, maana kinachozuia kutu hasa ni kromiamu. Huzidiwa na 18/10 kwa mng'aro na kwa kustahimili chumvi, basi. Ikioshwa na kukaushwa mapema hudumu miaka.

Hatari iko upande wa pili. Stenlesi ya daraja la 201 imepunguzwa nikeli ikaongezwa metali ya manganizi ili bei ishuke. Kwa kawaida sumaku haiinasi, mnunuzi anafurahi, kumbe huwahi kushika kutu kuliko 18/10. Na visu je? Kisu cha meza, hata cha seti ya bei kali, kwa kawaida hutengenezwa kwa chuma chenye kromiamu asilimia 13 hivi, kwa sababu 18/10 haikaziki kwa moto ikashika makali. Kisu hicho lazima kinase! Ukikirudisha dukani kwa kosa hilo, umerudisha kitu kizuri.

Wekeni sumaku kando, mtumie vidole. Bonyeza shingo ya uma kwa kidole gumba, ukipinda, uache. Pitisha ukucha katikati ya meno: pakikwaruza, hapakusuguliwa vizuri, na chakula kitaganda hapo. Shingo ya kijiko iwe na unene wa milimita 2 au zaidi. Chembamba kitakunjika kwenye posho (ugali) iliyopoa.

"Kizito ndicho bora." Si lazima. Mpini wa kisu wenye uvungu huweza kujazwa ili uwe mzito. Kitikise sikioni, kikigonga ndani, kiache.

"Stenlesi haishiki kutu." Hushika. Chumvi na dawa ya madoa yenye klorini huitoboa vitundu, kwa hiyo usilaze visu kwenye beseni usiku kucha. Waya wa kusugulia sufuria nao huacha chembe za chuma juu ya kijiko. Chembe hizo ndizo zinazoota kutu, lawama ikaenda kwa kijiko. Tumia sponji na sabuni, kisha kausha kwa kitambaa papo hapo, ukianza na visu.