Waya wa monita hauwashi TV ya sola

"Waya ni waya, umeme utapita tu." Hapa Mtwara hii kauli nimeisikia hadi masikio yamechoka. Utapita, ndiyo, lakini utafika kiasi gani? Mtu anachukua kebo ya VGA ya monita iliyokufa, anaiunga kwenye betri ya sola, TV ikianza kujizimazima anailaumu betri. Betri nzima kabisa.

Unene unaouona nje ni plastiki. Tazama shaba. Nyuzi za VGA mara nyingi ni geji 28 hivi (namba ya geji ikikua, waya ni mwembamba zaidi), yaani milimita mraba 0.08, na kila mita ina ukinzani, kile kinachozuia umeme, wa omu 0.21. Chukua TV ya volti 12 inayokula ampea 2, iliyo mita 5 kutoka kwenye betri. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 10, si 5 (hapa ndipo wengi wanapochapia). Omu 2.1 mara ampea 2: volti 4.2 zimeishia njiani. TV inabaki na 7.8, na waya unapata joto la wati 8 za bure.

Halafu mtu ananibishia kwa kipima umeme mkononi: "Mbona inasoma 12?" Kwa sababu umepima TV ikiwa imezimwa! Ampea zisipopita, hakuna kinachopotea. Pima kwenye TV ikiwa inawaka, ndipo tubishane.

Waya wa kufaa ni ule mnene wa kuchomeka sipiyu ukutani, ulioandikwa ubavuni 3×0.75, yaani nyaya tatu za milimita mraba 0.75. Mita moja ni omu 0.026, umbali uleule unapoteza volti 0.5 tu. Mmoja haufiki, kwa hiyo utaunga vipande vitatu au vinne, au sogeza betri karibu, dawa rahisi kuliko zote. Kahawia iwe chanya, buluu hasi, kijani-njano usiuunge, ufunge kwa tepu. Fyuzi ya ampea 3 ikae kwenye chanya, karibu na betri. Na ukate ncha ZOTE mbili: ukiacha plagi, ipo siku mtoto ataichomeka ukutani, na hizo ni volti 230.

USB, kwa feni ndogo ya volti 5: soma ubavuni. Ukikuta 28AWG/1P 24AWG/2C (AWG ndiyo geji), hiyo 24 ndiyo jozi ya umeme, inafaa. Nyekundu chanya, nyeusi hasi, ila pima kwanza. Kebo za bei chee rangi zake ni za kubahatisha. Nyeupe na kijani ni za data, zifunge kwa tepu kila moja peke yake.

Kebo ya mtandao ina nyaya nane za geji 24. Unga nne pamoja ziwe chanya, nne ziwe hasi: omu 0.021 kwa mita, inashinda hata ile ya sipiyu. Lakini kwaruza kwa wembe. Ikiwa nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na kwa nyumba za Mikindani zinazopigwa na upepo wa chumvi sikushauri kabisa, kiungo kitaliwa.

Nyuzi zilizogeuka nyeusi au kijani hazishiki risasi ya kuungia waya. Kata nyuma hadi shaba ing'ae. Vitabu vinasema choma risasi, basi. Mimi nasitasita: waya unaotikiswa hukatika palepale risasi inapoishia. Kwa feni ya kuhamishwahamishwa naona afadhali konekta ya skrubu, ingawa nayo hulegea, na usipoikaza tena inapata moto.